Allan Cormack: mhadhiri wa Cape Town aliyefunua undani wa mwili

Mtu wa Afrika Mashariki anayepata kazi katika mojawapo ya majengo marefu ya Dubai Marina, awe mlinzi, mhudumu wa hoteli, muuguzi au dereva, hapewi kibali cha ukaazi kabla ya kupimwa damu na kupigwa eksirei ya kifua. Serikali ya Umoja wa Falme za Kiarabu inataka kuhakikisha kwamba mgeni huyo hana kifua kikuu. Shughuli yenyewe ni ya dakika chache. Mtu anavua shati, anakiegemeza kifua kwenye ubao, anavuta pumzi na kuibana, na picha imekwisha kupigwa.

Picha hiyo, pamoja na manufaa yake yote, ina kasoro iliyokuwapo tangu Mjerumani Wilhelm Röntgen alipoigundua miale ya eksirei mwaka 1895. Inalaza kila kitu juu ya kingine. Mbavu zinaangukia mapafu, moyo unauziba uti wa mgongo, na kilicho mbele hakitofautiani na kilicho nyuma. Kwa kutafuta risasi au mfupa uliovunjika, hilo halikuwa tatizo kubwa. Mwaka 1896, madaktari wa jeshi la Italia mjini Naples walikwisha kuitumia miale hiyo kutafuta risasi katika mikono ya askari waliorejea na majeraha kutoka vita vya Ethiopia. Lakini kwa ubongo uliofichwa ndani ya fuvu, au uvimbe ulio nyuma ya mfupa, eksirei ya kawaida ilikuwa kivuli tu.

Miaka 60 hivi ilipita kabla ya mhadhiri mmoja wa fizikia mjini Cape Town, asiyekuwa daktari na asiyekuwa hata na shahada ya uzamivu, kutafuta kwa hesabu namna ya kuvitenganisha vivuli hivyo. Jina lake ni Allan MacLeod Cormack. Mashine iliyojengwa juu ya wazo hilo inajulikana leo katika kila hospitali kubwa kwa jina la siti skani.

Kijana wa Mlima wa Meza

Cormack alizaliwa Johannesburg tarehe 23 Februari 1924, mtoto wa mwisho kati ya watatu. Baba yake alikuwa mhandisi na mama yake mwalimu, wote wawili wakiwa wamehamia Afrika Kusini kutoka kaskazini mwa Scotland kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Baba alifariki mwaka 1936, na familia ikaweka makazi Cape Town. Huko kijana Allan alisoma katika shule ya wavulana ya Rondebosch, akapenda mijadala, tenisi na uigizaji, na zaidi ya yote akaipenda elimu ya nyota.

Hata hivyo, kuishi kwa kutazama nyota halikuwa jambo la kutegemewa katika miaka ile. Aliingia Chuo Kikuu cha Cape Town kusomea uhandisi wa umeme, nyayo za baba yake, lakini baada ya miaka michache akageukia fizikia. Alipata shahada ya kwanza mwaka 1944 na ya uzamili mwaka 1945, hii ya pili ikihusu muundo wa fuwele. Mwalimu wake mkuu alikuwa Profesa R. W. James, bingwa wa kutumia eksirei kuchunguza mpangilio wa atomi. Si walimu wengi wanaoweza kujivunia kwamba wawili kati ya wanafunzi wao walipata Tuzo ya Nobel, kwani Aaron Klug, aliyeipata ile ya kemia mwaka 1982, naye alipitia mikononi mwa James. Saa za mapumziko Cormack alizitumia kupanda Mlima wa Meza.

Kutoka hapo alikwenda Uingereza, katika maabara ya Cavendish ya Chuo Kikuu cha Cambridge, akawa mwanafunzi wa utafiti chini ya Otto Frisch. Katika mihadhara ya Paul Dirac alikutana na mwanafunzi wa fizikia kutoka Marekani, Barbara Seavey. Mwaka mmoja na nusu baadaye alitaka kuoa, na fedha hakuwa nazo. Alimwandikia Profesa James kuuliza kama kuna nafasi ya kazi, akapewa ya uhadhiri, na mwaka 1950 alirudi Cape Town akiwa na mke lakini bila shahada ya uzamivu. Hakuipata maishani mwake kwa njia ya masomo.

Siku moja na nusu kwa wiki

Mwaka 1955, mwanafizikia wa hospitali ya Groote Schuur alijiuzulu. Sheria ya Afrika Kusini ilitaka matumizi ya madawa yenye mionzi yasimamiwe na mwanafizikia mwenye ujuzi unaofaa, na katika jiji zima la Cape Town hakukuwa na mtaalamu mwingine wa fizikia ya nyuklia ila Cormack. Chuo kilimwazima kwa hospitali hiyo siku moja na nusu kwa wiki, kwa kipindi cha nusu ya kwanza ya mwaka 1956. Kipindi hicho kifupi ndicho kiini cha habari yote hii.

Groote Schuur ilikuwa hospitali ya enzi ya ubaguzi wa rangi, wagonjwa wakitenganishwa wodi kwa wodi kulingana na rangi ya ngozi. Ni hospitali hiyo hiyo ambamo Christiaan Barnard alipandikiza moyo wa binadamu kwa mara ya kwanza duniani, tarehe 3 Desemba 1967. Cormack aliwekwa katika idara ya mionzi, na hapo aliona jinsi matibabu ya saratani yalivyopangwa. Mtaalamu alichukua chati zilizoonyesha namna mionzi inavyopungua ndani ya kitu kilicho sawa kote, mfano wa maji, akaziweka juu ya mchoro wa mgonjwa, akakadiria.

Mwili si ndoo ya maji. Mfupa unakula mionzi kwa wingi, pafu lililojaa hewa linaiachia ipite. Makadirio yakikosewa upande mmoja, uvimbe unabaki hai. Yakikosewa upande wa pili, nyama nzima inaunguzwa. Wataalamu wa pale walilijua hilo na walikuwa mahiri katika kazi yao. Ila chombo cha kuwasaidia hakikuwapo. Cormack aliona kwamba kinachohitajika ni ramani: kila sehemu ya mwili, kipande kwa kipande, ionyeshwe inakula mionzi kwa kiasi gani. Na ramani hiyo ilibidi ipatikane kwa vipimo vilivyofanywa nje ya mwili.

Msomaji aliyekulia pwani atalielewa fumbo lenyewe kwa kufikiria shamba la minazi lililozungushiwa ua asiloweza kuingia. Akisimama upande mmoja na kuchungulia, mashina yanazibana, asijue ni mangapi wala yamesimama wapi. Akisogea hatua kadhaa, mnazi uliojificha unajitokeza na mwingine unafichika. Akilizunguka shamba zima na kuandika alichokiona katika kila pembe, anaweza hatimaye kuuchora mpangilio wa minazi yote bila kuvuka ua. Cormack alitaka mionzi ifanye mzunguko huo, na hisabati ifanye uchoraji.

Alipokwenda mapumziko ya kitaaluma katika Chuo Kikuu cha Harvard baadaye mwaka huo, aliichukua hesabu hiyo pamoja naye. Alishangaa kutoona popote kwamba imekwisha kutatuliwa. Ukweli ni kwamba ilikuwa imetatuliwa: mwanahisabati wa Austria, Johann Radon, alikuwa ameichapisha mwaka 1917, bila kuwa na wazo la tiba. Cormack aliigundua makala ya Radon baada ya takriban miaka 14 ya kuhangaika peke yake.

Kosa la fundi ladhihirika

Mwaka 1957, akiwa amerudi Cape Town kwa muda, Cormack alilifanyia wazo lake jaribio la kwanza. Hakutumia mgonjwa. Alitengeneza kisahani cha duara: katikati aluminiamu, pembeni pete ya mbao. Upande mmoja aliweka kobalti inayotoa mionzi, upande wa pili chombo cha kuhesabia, akakisogeza kisahani taratibu katikati yake. Kwa kuwa kisahani kilikuwa sawa kutoka pande zote, pembe moja ilitosha.

Hesabu zilikubali, isipokuwa mahali pamoja. Karibu na kitovu cha aluminiamu, kipimo kilitofautiana kidogo na kilichotarajiwa. Mtu mwingine angeisingizia mashine. Cormack alikwenda karakana kuuliza, na akaambiwa kwamba kisahani kile hakikuwa cha aina moja ya madini: fundi alikuwa amepachika katikati kijiti cha aluminiamu karibu safi, chenye upana wa sentimita moja hivi, huku sehemu iliyokizunguka ikiwa ya aluminiamu iliyochanganywa na madini mengine. Kwa jicho hapakuwa na tofauti. Hesabu ilikuwa imeona ndani ya chuma jambo ambalo mwenye chuma hakulijua.

Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, hilo ndilo tukio kubwa kuliko yote katika maisha ya Cormack, kuliko hata siku ya Nobel. Hapo ndipo njia hiyo ilipothibitisha kwamba haioneshi tu kile mtu anachokitarajia.

Mwaka huo huo alihamia Marekani, nchi ya mkewe, na kuanza kufundisha katika Chuo Kikuu cha Tufts, jimbo la Massachusetts. Kazi yake rasmi ilikuwa fizikia ya nyuklia. Suala la ramani za mwili alilishughulikia pale alipopata nafasi. Mwaka 1963, akisaidiwa katika kazi ya kompyuta na mwanafunzi wa shahada ya kwanza, alifanya jaribio la pili. Safari hii pete ya aluminiamu ilisimama mahali pa fuvu, plastiki mahali pa ubongo, na visahani viwili vya aluminiamu mahali pa uvimbe. Uvimbe wa bandia ulionekana pale ulipowekwa.

Alichapisha matokeo katika jarida la fizikia ya matumizi la Marekani mwaka 1963 na 1964. Kikafuata kimya. Ombi lililomfurahisha kuliko yote la kutaka nakala lilitoka kituo cha Uswisi kinachochunguza maporomoko ya theluji, kikifikiria kupima theluji iliyolala juu ya milima. Hakuna hospitali iliyobisha hodi. Si ajabu sana: madaktari hawasomi majarida ya fizikia, na kompyuta za wakati ule zilikuwa adimu na za polepole. Lakini wapo wagonjwa waliofunguliwa fuvu katika miaka hiyo kwa sababu tu hapakuwa na njia nyingine ya kutazama ndani, na jibu lilikuwa limelala katika rafu za maktaba.

Mwingereza asiyemjua

Njia ilifunguliwa na mtu mwingine. Godfrey Hounsfield, mhandisi wa kampuni ya EMI ya Uingereza, kampuni iliyotajirika kwa sahani za muziki wa The Beatles, alilifikia wazo hilo hilo kivyake bila kuzisoma makala za Cormack. Naye pia hakuwa na shahada ya uzamivu. Chombo chake cha kwanza cha maabara kilichukua siku 9 kukusanya vipimo vya kitu kimoja, na kompyuta saa mbili na nusu kuvichanganua. Tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley mjini London, mgonjwa wa kwanza, mwanamke aliyeshukiwa kuwa na uvimbe wa ubongo, aliingizwa kichwa katika mashine yake. Picha ilikuwa na nukta 80 kwa 80 tu. Uvimbe ulionekana.

Mwaka 1979, Cormack na Hounsfield walitunukiwa kwa pamoja Tuzo ya Nobel ya Tiba. Tuzo ya madaktari ilikwenda kwa mwanafizikia na mhandisi.

Tishu zinazochapishwa

Cormack alifariki kabla ya kuona matumizi mapya ya hesabu zake ambayo sasa yanazungumzwa sana, hasa katika Ghuba. Aprili 2016, serikali ya Dubai ilitangaza mkakati wa uchapishaji wa vitu halisi, si maandishi: nyumba, bidhaa za matumizi, na vifaa vya tiba vikiwamo meno, mifupa na viungo vya bandia. Lengo lililovuma ni lile la kutaka robo ya majengo ya Dubai yawe yamejengwa kwa teknolojia hiyo ifikapo mwaka 2030. Kwa mji uliochimba mfereji jangwani, ukaingiza maji ya bahari na kuuita Dubai Marina, hayo si maneno ya kushangaza. Lakini ukuta wa nyumba na kipande cha mwili ni vitu viwili tofauti.

Katika uchapishaji wa tishu, seli hai huchanganywa na jeli, mara nyingi inayotokana na mwani, jamaa ya ule unaolimwa Paje na Jambiani ingawa si wa aina ile ile. Mashine inaukamua mchanganyiko huo kwa sindano, uzi juu ya uzi, tabaka juu ya tabaka, kufuata mchoro wa kompyuta. Ugumu ni kwamba seli iliyo mbali na chakula kwa zaidi ya sehemu mbili za kumi za milimita hufa. Kwa hiyo lazima pawe na vinjia vya kupitisha hewa na lishe. Uzi mmoja ukinenepa kuliko ulivyochorwa, au tabaka la chini likididimia, kinjia kinaziba, na katikati ya tishu inayong'aa kwa nje pana seli zilizokufa.

Atajuaje mtaalamu? Akiikata, ameiharibu, na kipande alichokichunguza si tena kile atakachompa mgonjwa. Hapo ndipo hesabu za Cormack zinaporudi, kwa umbo la siti skani ndogo ya mezani. Badala ya mashine kumzunguka mgonjwa, kipande cha tishu ndicho kinachozungushwa mbele ya miale, na picha inayopatikana huonyesha mambo ya ukubwa wa sehemu chache za elfu za milimita. Picha hiyo hulinganishwa na mchoro wa awali, na tofauti hupimwa: upana wa nyuzi, ukubwa wa matundu, iwapo vinjia vinaungana. Ni kisa cha kijiti cha aluminiamu kinachojirudia, fundi mara hii akiwa mashine.

Kuna vikwazo viwili, na ni vizito. Jeli karibu yote ni maji, hivyo eksirei haioni tofauti kubwa kati ya uzi na kinjia, mpaka itiwe kemikali kama ya iodini, ambayo seli huenda zisiivumilie. Na miale yenyewe huumiza seli hai. Ndiyo maana siti skani hiyo hufaa zaidi kwa kiunzi kabla ya kutiwa seli, au kwa sampuli itakayotupwa. Kwa tishu iliyo hai hutumika pia hadubini yenye rangi zinazong'aa, kijani kwa seli nzima na nyekundu kwa zilizokufa, lakini haioni mbali chini ya uso. Hutumika mwanga usioonekana kwa jicho, unaofika milimita moja au mbili. Hutumika emarai na mawimbi ya sauti, ambavyo havidhuru ila picha zake ni hafifu zaidi. Hakuna chombo kimoja kinachotosha.

Mwaka 2022 ilitangazwa nchini Marekani kwamba mgonjwa amewekewa sikio la nje lililochapishwa kwa seli zake mwenyewe. Moyo au figo nzima iliyochapishwa haijapata kuwekwa ndani ya binadamu. Mgonjwa wa figo wa Mombasa au Mwanza anayesikia habari za Dubai na kufunga safari kwa matumaini hayo ni vyema alijue hilo kabla ya kuuza shamba.

Miaka ya mwisho

Siti skani yenyewe imechelewa kuwafikia wengi katika ukanda wetu. Kwa miaka mingi ilikuwa mashine ya miji mikuu na hospitali za binafsi. Nchini Tanzania, kwa mfano, ni baada ya mwaka 2021 ndipo serikali ilipozisambaza katika hospitali za rufaa za mikoa. Ni jambo la kutafakarisha, kwamba chombo ambacho wazo lake lilizaliwa katika wodi za Afrika kilizunguka Massachusetts na London kabla ya kurudi nyumbani.

Cormack alichukua uraia wa Marekani mwaka 1966 na kuiongoza idara ya fizikia ya Tufts kuanzia 1968 hadi 1976. Hata baadaye hakuacha kuandika juu ya hisabati ile ile. Mwaka 1990 alipewa Nishani ya Taifa ya Sayansi ya Marekani. Yeye na Barbara walijaliwa watoto watatu.

Alifariki tarehe 7 Mei 1998 nyumbani Winchester, Massachusetts, akiwa na umri wa miaka 74, kwa ugonjwa wa saratani. Desemba 2002, Afrika Kusini, ambayo wakati huo haikuwa tena ile ya wodi za rangi mbili, ilimtunuku baada ya kifo chake Nishani ya Mapungubwe ya dhahabu. Ulikuwa mwaka wa kwanza wa kutolewa kwa nishani hiyo, na daraja lake la juu kabisa, la platini, lilikwenda kwa Nelson Mandela.